Aliyemlipa Wakili wa Mjukuu Wangu

Wakili alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Bibi, rudi na ulezi wako. Kesi ya mjukuu wako imeshalipiwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi yake pale Katandala, mjini. Gunia la ulezi lilikuwa nje, limefungwa kwenye bodaboda, na dereva alikuwa amekaa juu yake akichezea simu. Nililileta makusudi, maana watu wa ofisi wakimwona bibi kizee mwenye kitenge kilichopauka humfanyia bei ya kumfukuza au bei ya kumhurumia, na mimi sikutaka hata moja kati ya hizo. Nilitaka alione gunia kwanza, ndipo afungue kinywa.

"Imelipiwa na nani?"

"Na mtu mwema."

"Mtu mwema ana miguu na ana mlango anaoingilia kwake. Anakaa wapi?"

"Ameomba asitajwe, bibi. Hiyo ni siri ya mteja."

"Mteja wako ni nani, yeye au mjukuu wangu?"

Akacheka kidogo, akafunika kalamu yake, akaanza kutafuta karatasi ambayo hakuwa na shida nayo. Nikajua hapo pana jambo. Nilirudi kijijini kwetu Mollo na gunia langu, nikamlipa dereva kwa safari mbili za bure, na njia nzima nikawa najiuliza mtu huyo ni nani.

Niseme kwanza mjukuu wangu ni nani. Ni msichana, askari polisi, konstebo. Mama yake alikuwa binti yangu, alifariki mtoto akiwa anatambaa, nikamlea mimi. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini yeye nilimsomesha kwa jembe mpaka akamaliza, akaenda mafunzo, akarudi na sare. Siku ile ya kurudi niliikataa bodaboda. Tulitembea kwa miguu kutoka barabarani hadi nyumbani, yeye mbele na kofia yake, mimi nyuma na begi lake kichwani. Kuna watu walikuwa wamesema mtoto wa kulelewa na bibi hafiki mahali. Walichungulia madirishani, na mimi nikawasalimia mmoja mmoja kwa sauti, nikiwauliza habari za watoto wao.

Kwa hiyo aliponijia na hati ya mashtaka, haikuwa karatasi ya mtu mmoja. Ilikuwa yangu pia.

Mambo yalikuwa hivi. Pikipiki iliyokamatwa kwenye kesi ya wizi ilikuwa imehifadhiwa uani kwenye kituo chao, ndani ya lango lenye kufuli, ikisubiri kupelekwa mahakamani kama kielelezo. Mjukuu wangu aliingia zamu jioni. Kwenye kitabu cha makabidhiano alisaini kwamba amepokea hiki na hiki na pikipiki moja. Asubuhi pikipiki haipo, na kufuli halikuvunjwa. Saini ni ya nani? Ni yake. Wakamsimamisha kazi kwa nusu mshahara, wakamwambia atafikishwa mbele ya maafisa kujibu shtaka la nidhamu, na kwamba kabla ya siku hiyo alete utetezi wake kwa maandishi. Akishindwa, anaweza kufukuzwa. Na akifukuzwa polisi, hiyo sare hairudi tena. Hata kazi ya kulinda benki hawakupi.

Nilimuuliza, "Ulisaini pikipiki ukiiona?"

Akasema, "Hapana, bibi. Kulikuwa na baridi, upepo mkali, nikaambiwa nisaini tu, ipo."

"Uliambiwa na nani?"

"Na aliyenikabidhi."

"Na ufunguo wa lango ulikuwa kwa nani?"

"Haukuwa kwangu."

"Nimeuliza ulikuwa kwa nani."

"Bibi, hayo ni mambo ya kazi."

Nilimwacha, nikidhani ni woga tu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kuuliza nani anamlipia wakili. Kwa akili yangu niliona kwamba kama mtu ameajiriwa na serikali, na kosa ni la kazini, na mashtaka ni ya serikali, basi serikali yenyewe itamtafutia mtu wa kumsemea. Nikavaa viatu vya kanisani nikaenda hadi kwenye ofisi moja ya polisi mjini. Askari wa mezani alikuwa kijana mwenye adabu. Akaniamkia, akanipa kiti.

"Huyu aliyeandika mashtaka ya mjukuu wangu," nikamwambia, "analipwa na nani?"

"Ni askari mwenzetu, bibi. Ana mshahara."

"Na atakayeyasoma siku hiyo?"

"Naye ana mshahara."

"Na hao maafisa watakaokaa kumhukumu?"

"Mshahara, bibi."

"Na wa kumtetea?"

Akatazama dirishani. "Huyo anamtafuta mwenyewe, kama anamtaka."

"Kwa hiyo serikali inamshtaki kwa mshahara, na yeye ajitetee kwa ulezi wangu."

"Si lazima awe na wakili, bibi. Anaweza kujitetea mwenyewe bure."

"Na wewe jino likikuuma unaling'oa mwenyewe bure?"

Alicheka mpaka mwenzake wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Lakini kucheka kwake hakukubadilisha kitu. Nikarudi nyumbani nikafungua ghala, nikachagua gunia zuri kuliko yote, na kesho yake ndipo nikaenda Katandala kwa wakili ambaye mjukuu wangu alikuwa amemtaja, nikakuta mtu mwema ameshanitangulia.

Sasa mimi sijazaliwa jana. Nimeishi nyanda hizi mpaka meno yameanza kuniaga, na sijawahi kuona mtu akitoa fedha ya wakili halafu akajificha. Watu hutoa hapa, na hutoa sana. Kwenye misiba hutoa, jumuiya ikipitisha daftari hutoa, nyumba ya mtu ikiungua hutoa. Lakini wanataka jina lao liandikwe, tena liandikwe vizuri, na padri akilisoma vibaya wananung'unika mpaka Pasaka. Mtu anayelipa na kukimbia jina lake ana anachokinunua.

Nikaanza kuwafuta niliowashuku, mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mwanangu mkubwa, mjomba wa msichana, mwenye duka la unga na mafuta. Nilimkuta anapima sukari, kidole chake kikiisaidia mizani.

"Ni wewe umemlipia mtoto wakili?"

"Mimi, mama? Mimi nilishasema aombe msamaha arudi kulima."

"Nilijua si wewe. Nimeuliza ili nikufute."

"Hata kunishuku kwa wema hunishuku?"

"Nitaanzia wapi?"

Mteja wake akaona haya, akachukua sukari yake bila kuitazama. Mwanangu huyu si mbaya. Ila mkono wake ukiingia mfukoni hupotea humo.

Wa pili alikuwa mwenye nyumba anakopanga mjukuu wangu, kule Kizwite. Huyu ni mtu wa Mbeya, mtumishi wa ofisi, mzee wa kanisa lao, suti yake ya Jumapili inang'aa magotini. Nilimtilia shaka kwa sababu iliyo wazi. Mwanamume akimlipia binti wa watu kitu kikubwa, huwa hajakosea njia. Nikaenda kwake mchana kweupe, nikakaa, nikamwacha mkewe alete chai.

"Baba," nikasema, "mkeo anajua kila unachokilipa?"

Kabla hajafungua kinywa mkewe akajibu yeye. "Bibi, huyu akinunua hata vocha mimi napata habari. Akitoa sadaka tunakubaliana nyumbani kwanza."

"Hajamlipia mjukuu wangu wakili?"

"Angekuwa na fedha ya wakili angemaliza ule ukuta," akasema, akaninyooshea kidole ukuta uliokuwa umefika kiunoni, majani yameota juu yake.

Mume akakohoa. Akaniambia kwa upole kwamba binti hajalipa kodi tangu asimamishwe, na kwamba yeye hajamdai, na hatamdai mpaka kesi iishe. Nikaona aibu kidogo. Nikanywa chai yote kama malipo ya aibu hiyo.

Lakini mke ndiye aliyenipa nilichokifuata. Wakati ananisindikiza alisema, "Kuna mtu mmoja huja. Amekuja mara mbili au tatu. Havai sare, lakini binti humwita afande. Mara ya mwisho alikuja na bahasha ya kaki."

"Mtu wa wapi?"

"Sijui. Kiswahili chake ni kama chako, bibi. Mtu wa huku kwenu."

Nikamshukuru, nikazunguka uani hadi kwenye chumba cha mjukuu wangu. Hakuwepo, alikuwa ameenda bombani, na mlango ulikuwa wazi. Ile bahasha ilikuwa juu ya meza, chini ya Biblia. Sitaki mtu aniulize kama nilifanya vizuri kuifungua. Niliifungua.

Mimi nasoma polepole, kwa kidole. Ilikuwa barua ya utetezi, imechapwa vizuri, ina jina la ofisi ya yule wakili, haijasainiwa bado. Nikasoma. Nakiri kwamba nilizembea. Nakiri kwamba nilisahau kufunga lango. Naomba maafisa wanihurumie kwa kuwa ni kosa langu la kwanza. Nikarudia pale penye lango mara tatu, nikidhani macho ndiyo yananidanganya. Yeye aliniambia kwa kinywa chake kwamba ufunguo haukuwa kwake. Mtu anasahauje kufunga mlango ambao hana ufunguo wake?

Wakili gani huyo anayelipwa ili mteja wake akubali kosa? Hiyo kazi hata mimi ningeifanya, tena bila miwani.

Niliirudisha bahasha chini ya Biblia kama nilivyoikuta. Aliporudi na ndoo sikumwambia kitu. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata nafungua chungu Mollo, cha kumshukuru huyo aliyetulipia, na awaalike wenzake wa kazini wote wanaoweza kuja.

Ndoo ilimponyoka kidogo, maji yakamwagikia viatu.

"Bibi, si lazima."

"Ni lazima. Tumelipiwa."

Sasa nieleze chungu cha shukrani kwa wasiokijua. Sisi tunakunywa kimpumu, pombe ya ulezi. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unavundikwa hadi uive. Siku ya kunywa unatiwa chunguni, unamiminiwa maji ya moto, watu wanakaa kukizunguka wananyonya kwa mirija, na maji ya moto yanaongezwa kadiri chungu kinavyopungua. Kwenye nyumba yetu, kama chungu ni cha kumshukuru mtu, hakuna anayegusa mrija kabla yake. Mama wa nyumba au wifi yake huunyanyua mrija wa kwanza na kusema, mwenye shukrani yake apokee. Mwingine akiupokea ni mwizi. Na mwenyewe akiukataa, akanyamaza huku yupo pale, ni kama ameitakia mabaya nyumba ile, ameusukuma mkono wa watu. Mtoto wa Mfipa hufundishwa hilo kabla hajajua kuhesabu. Mkono wake unalijua hata akili ikisahau.

Nilifikiri hivi. Kama ni mtu wa pwani au wa Mbeya au wa wapi, atakaa kimya na mimi sitajua kitu. Lakini yule mke alisema ni mtu wa huku kwetu.

Jumamosi watu walikuja. Wa jumuiya walikuja, majirani walikuja, mwanangu alikuja mikono mitupu akiwa na njaa. Mwenye nyumba na mkewe walikuja na soda zao, maana kwao hawanywi. Kutoka kituoni walikuja watatu, wawili wasichana wa rika la mjukuu wangu, na mmoja koplo, mwanamume wa miaka arobaini hivi, koti la ngozi, ametuletea sukari kilo mbili. Aliniamkia Kifipa, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake. Nikamuuliza kwao, akanitajia kijiji ninachokijua, hata kaburi la bibi yake ningeweza kukuonyesha. Mke wa mwenye nyumba aliniangalia, akanywa soda, akaniangalia tena. Sikuhitaji aseme.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeushika mrija. Yeye sikumwambia kitu. Angejua, angevuruga. Akamimina maji, mvuke ukapanda, akaunyanyua mrija akasema, "Hatumjui aliyetusaidia, ila chungu kinamjua. Mwenye shukrani yake apokee."

Watu wakainamisha macho kama inavyotakiwa. Mimi sikuinamisha. Nilikuwa nimeyakodoa.

Koplo alikuwa ameshika magoti yake. Wifi alingoja. Upepo ulipiga bati, kuku akapita katikati ya watu. Wifi akaurudia usemi ule mara ya pili, na kwenye mara ya pili sauti yake iliingia huzuni, maana mrija kurudi chini bila kupokelewa ni kitu kibaya. Nikauona mkono wa koplo unatoka gotini. Ulifika nusu ya njia, ukasimama. Halafu ukamalizia. Akaupokea mrija kwa mikono miwili, kwa adabu, akanyonya.

Watu wakapiga vigelegele. Mwanangu akapiga makofi kuliko wote, kwa furaha ya kujua si yeye aliyelipa.

Sikumwaibisha mtu kwenye chungu changu. Nilikaa karibu naye na birika, nikamwongezea maji.

"Ahsante, baba, kwa kumlipia mwanangu."

"Ah, bibi, sisi kazini ni ndugu."

"Naona. Kunywa, kunywa. Na ule ufunguo wa lango, uliupata?"

Akaacha kunyonya. "Ufunguo upi, bibi?"

"Sijui, baba. Mimi mzee, nasikia vitu nusu nusu."

Hakunywa tena zaidi ya adabu. Aliaga jua likiwa bado juu, akasema ana zamu. Wenzake wale wasichana walitazamana, kwa sababu zamu ile hawakuijua.

Watu walipoondoka, tukabaki mimi na mjukuu wangu tunaosha vyombo nyuma ya nyumba. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishatakata.

"Ulijua ni yeye," nikasema.

"Nilijua, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye alinipeleka kwa wakili."

"Na ufunguo?"

Akasugua. "Alibaki nao baada ya makabidhiano. Alisema kuna kitu chake uani atakichukua, ataurudisha. Asubuhi ulikuwa umetundikwa mahali pake."

"Na ukanyamaza."

"Bibi, aliniambia nikimtaja tunafukuzwa wote. Ana watoto wanne. Alisema nikikiri mimi peke yangu, kosa la kwanza, nitapewa karipio yaishe. Wakili atamlipa yeye."

"Na wakikufukuza?"

"Amesema hawatanifukuza."

"Amesema yeye. Yule yule aliyesema pikipiki ipo."

Hapo aliacha sufuria. Hakulia, kwa sababu nimemlea asilie mbele ya vyombo. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka usiuze ulezi, bibi. Kila kitu changu umekiuzia kitu."

Neno hilo lilinipiga, sitaki kudanganya. Lakini sikuliachia nafasi. Nilimwambia kwamba ulezi unaota kila mwaka, na jina lake liliota mara moja. Nikamwambia pia kwamba nimekasirika, na kwamba nitakaa na hasira hiyo muda mrefu, asinisubiri.

Tulilala, na Jumatatu tukaenda Katandala watatu. Nilimchukua na mwanangu awe shahidi, kwa sababu siku zile nilikuwa simwamini mtu hata mmoja kuongea na mtu mwingine bila wa tatu kusikia. Nilikuwa nimeuza gunia lile na mengine mawili.

Wakili alisimama alipotuona. Nadhani koplo alikuwa ameshampigia.

"Mrudishie mtu mwema fedha zake," nikamwambia. "Za kwetu hizi. Risiti uandike jina langu."

"Bibi, tangu mwanzo mimi nilikuwa namtetea mjukuu wako."

"Kwa kumkubalisha kosa?"

"Nilielezwa kwamba ndivyo anavyotaka mwenyewe. Nami nilimuuliza, akasema ndiyo."

Nikamgeukia mjukuu wangu. Akatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo hata wakili hakuwa mwongo kama nilivyomdhania. Aliambiwa na anayelipa, akamuuliza asiyelipa, na asiyelipa akaogopa. Mwanangu akaninong'oneza tumtafute wakili mwingine. Nilifikiri. Lakini mwingine ningemjua kwa lipi? Huyu angalau nilishajua anavutwa kwa kamba gani, na kamba sasa ilikuwa mkononi mwangu.

Aliandika upya. Nilimwambia anisomee kwa sauti, kisha anisomee tena. Safari hii ilisema ufunguo ulikuwa kwa nani na ulirudishwa lini. Palipofika kwenye saini, wakili alisema ni vizuri wasiongelee sana kwamba aliisaini pikipiki bila kuiona, kwa sababu hilo ndilo litakalomuumiza.

Mjukuu wangu akasema, "Andika. Sikwenda kuitazama. Niliona baridi."

"Litakuharibia," wakili akasema.

"Ni kweli. Andika."

Hapo ndipo nilipomtambua tena.

Siku ya kusikilizwa nilikaa nje kwenye benchi la saruji, nimejifunga blanketi, upepo wa kiangazi unapita miguuni. Walimwita akaingia na sare yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Baadaye wakamwita koplo kama shahidi. Alipita mbele yangu hatua mbili, hakuniamkia. Mtu wa kwetu, mwenye akili timamu, kumpita bibi wa rika la bibi yake bila shikamoo. Nikasema moyoni, huyo ameshajihukumu, wengine watafute karatasi tu. Alikaa ndani muda mrefu kuliko mjukuu wangu.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Mjukuu wangu alikutwa na kosa la kusaini bila kuhakiki, akapewa karipio kali kwa maandishi, akarudishwa kazini. Koplo akafunguliwa mashtaka yake mwenyewe. Pikipiki mpaka leo sijui iko wapi, na sina hamu ya kujua.

Nilirudi kwa yule kijana wa mezani mwenye adabu.

"Amerudi kazini," nikamwambia. "Yale ya lango hakuyafanya, mmesema wenyewe. Sasa magunia yangu matatu nayadai kwa nani?"

"Hongera, bibi. Lakini hakuna utaratibu wa kurudisha."

"Kwa hiyo niliyelipa ni mimi."

"Ni wewe, bibi."

"Liandike basi mahali."

Akaandika kwenye kipande cha karatasi, sijui aliandika nini, akakiweka mfukoni. Nadhani alikuwa ananiridhisha tu.

Ile nusu ya mshahara iliyozuiwa walikuja kumlipa baadaye. Siku hiyo alikuja Mollo amechangamka, akaweka bahasha mezani mbele yangu na kusema, "Za ulezi, bibi."

Niliitazama. Ilikuwa bahasha ya kaki. Sikuigusa.

"Zimetoka wapi?"

"Bibi, ni mshahara wangu."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Karatasi ya mshahara."

Niliona uso wake unafungwa, polepole, kama mtu anayefunga duka. "Hata mimi, bibi?"

"Wewe ndiye ulinificha. Wengine sikuwalea mimi."

Alifungua mkoba akaitoa karatasi, akaitandaza mezani. Niliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, na chai aliyokuwa amemiminiwa ikapoa bila kuguswa. Ilikuwa sawasawa. Nikaipokea bahasha, nikashukuru. Akaondoka mapema, akisema ana zamu, na safari hii nilijua ni kweli kwa sababu alikuwa na sare.

Siku hizi akija mwisho wa mwezi huiweka ile karatasi mezani kwanza, ndipo anasema shikamoo. Naisoma yote. Kama ananiheshimu au ananisuta sijui, na sijamuuliza.